Kusoma bayomedikali na kufanya atachimenti hapa Mombasa: anzia hapa

Kila mwaka ikikaribia msimu wa atachimenti, yale mafunzo ya kazini ya wanachuo, napata maswali yale yale. Nimeitwa kusoma bayomedikali, je kuna kazi? Barua napeleka wapi? Hospitali wameniambia nafasi zimejaa, sasa nifanyeje? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona afadhali niandike mara moja, atakayeuliza nimtumie hii. Nilisoma kozi hii, nikafanya atachimenti hospitali ya umma hapa hapa Mombasa, na mpaka leo riziki yangu yatoka kwenye hizi mashine.

Kazi yenyewe ni hii: mashine ya hospitali ifanye kazi, isome ukweli, na isimuumize mgonjwa wala anayeitumia. Umeme, elektroniki, anatomia, fizikia ya eksirei, yote hayo yaja nyuma ya hilo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Kama bado uko fomu foo, masomo yanayokubeba ni hesabu, fizikia, kemia na baiolojia, na ukilegea kwa fizikia utateseka sana mbele. Hapa karibu tuna TUM (Technical University of Mombasa) pale Tudor, ile ambayo watu wazima bado wanaiita Poli, wana medikali injiniaringi. KMTC (Kenya Medical Training College) wana diploma. Kenyatta University wana digrii ya bayomedikali yenyewe, ni miaka mitano. Maombi ya nafasi ya chuo ni kupitia KUCCPS, mkopo wa serikali wa kusomea ni HELB, na HELB usingoje mpaka wiki ya mwisho.

Kama ushaingia chuo na wataka atachimenti, andaa hivi:

- Barua ya utambulisho ya chuo, iwe na muhuri na tarehe za kuanza na kumaliza.
- Kopi ya bima ya chuo. Wengi wanaisahau hii na wanarudishwa mlangoni.
- Kitambulisho, kadi ya chuo, transkripti, CV ya ukurasa mmoja.
- Cheti cha tabia njema, baadhi ya mahali wanakitaka. Waomba kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, halafu waenda kupigwa alama za vidole.
- Kadi ya chanjo ya hepataitisi B (homa ya ini).
- Multimita, seti ya bisibisi, tesita, tochi ndogo, brashi laini. Multimita ya bei ya kawaida ukinunua upande wa Mwembe Tayari yatosha, lakini kagua nyaya zake za kupimia zisiwe zimechunika.
- Dasti koti na viatu vya kufunika vidole. Ndala hapana, hata kama joto limezidi.
- Daftari gumu la mfukoni, mbali na logibuku ya chuo, lile daftari la kuandika kazi za kila siku.

Hatua zenyewe

1. Jua kozi yako yasajiliwa na nani. Fanya hivi kabla hujalipa karo. Digrii ya uhandisi, ukitaka baadaye uandikishwe kuwa injinia, kozi iwe imekubaliwa na EBK, bodi ya mainjinia Kenya. Diploma na digrii za teknolojia bodi yake ni KETRB, ya kusajili watu wa teknolojia ya uhandisi, iliyoundwa na sheria ya 2016. Zote ni njia nzuri, na nimefanya kazi na watu wa diploma ambao wanaijua mashine kuliko mimi. Shida ni mtu kusoma miaka mitano akidhani yuko njia hii kumbe yuko ile. Uliza idarani, na uhakikishe kwa bodi yenyewe pia.

2. Miaka ya mwanzo, shika vitu viwili. Saketi na anatomia. Hesabu utaipita kwa mazoezi, lakini kama hujui ugavi wa umeme wa mashine unavyogeuza volti 240 za ukutani kuwa volti 12 za ndani, au hujui damu yatoka wapi yaenda wapi, ukifika wodini utakuwa unaangalia taa zikiwaka tu. Nunua redio mbovu au chaja mbovu, fungua, pima, solda. Hiyo ndiyo maabara yako ya nyumbani.

3. Chanjo, anza mapema. Hepataitisi B ni sindano tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Sasa piga hesabu. Ukiwa waanza atachimenti Mei, sindano ya kwanza uwe ushadungwa Novemba. Usitafute njia ya mkato hapa na usidanganywe kwamba sisi ni watu wa mashine hatugusi damu. Utashika chupa za mashine ya kufyonza, utashika sentrifuji ya maabara, ile mashine ya kuzungusha chupa za damu, ambayo chupa ya damu imepasukia ndani.

4. Tafuta nafasi miezi mitatu au minne kabla. Vyuo vingi vinatoa wanafunzi wakati mmoja, Mei mpaka Agosti, kwa hivyo hospitali zinajaa. Mahali pa kuanzia ni Coast General, ile wenyeji wanaita Makadara, ndiyo kubwa ya umma hapa pwani na mashine zake ni za kila aina. Lakini usikwame hapo. Kuna Port Reitz, Tudor, Likoni. Kuna za binafsi, Aga Khan, Pandya, Mombasa Hospital. Kuna Kilifi na Msambweni kama una jamaa wa kukulaza. Kuna pia kampuni zinazouza na kufunga mashine, huko utajifunza kufunga na kukalibreti, yaani kusawazisha vipimo vya mashine, ingawa utamuona mgonjwa mara chache.

Maoni yangu: kama ni atachimenti yako ya kwanza, chagua hospitali ya umma ya kadiri kuliko kubwa yenye wanafunzi ishirini. Penye watu wachache utaigusa kazi. Penye ishirini mnaweza kukaa kibarazani mkizungusha bisibisi moja.

Peleka barua mwenyewe kwa mkono, uvae vizuri, uombe wakugongee muhuri wa kupokea kwenye kopi yako. Barua pepe tuma pia lakini usiitegemee. Na kuhusu pesa: hospitali nyingine hutoza ada ya atachimenti, hiyo ni kawaida, lakini ulipe kwa akaunti ya hospitali na upewe risiti. Mtu akikwambia nitumie kwa namba yangu nitakushughulikia, ondoka.

5. Wiki ya kwanza, masikio kuliko mikono. Fika mapema. Kama watoka ng'ambo ya Likoni hesabu muda wa feri, usiseme kila siku feri imechelewa. Ukiingia karakana amkia, shikamoo mzee, salaam aleikum, jitambulishe, uliza kikombe cha chai kipo wapi uoshe. Nasema kwa dhati, hao mafundi wazee hawana deni na wewe, wakikupenda watakupa yote wanayoyajua. Pita wodi zote ujitambulishe kwa sista mkubwa wa kila wodi, manake yeye ndiye atakayekupigia mashine ikiharibika, na ndiye atakayekukataza kuingia akikuona huna adabu. Omba orodha ya mashine za hospitali. Kama hakuna, hiyo ni kazi yako ya kwanza na watakushukuru.

6. Jifunze kuikabili mashine kwa mpangilio. Hapa ndipo wengi wanaharibu, mimi nikiwemo.

Wiki yangu ya pili tuliitwa wodi ya watoto, konsentreta ya oksijeni, mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, inapiga kelele. Nilifika na bisibisi mkononi, nishaanza kutafuta skrubu za nyuma. Mzee aliyekuwa akinifundisha hakuangalia hata mashine, aliangalia kitanda. Akamuuliza sista, mtoto saa hii apumulia nini? Sista akasema ashahamishwa kwa mtungi. Ndipo mzee akapiga magoti, akachomoa ile filta ya sponji ya ubavuni, akaiinua mbele ya dirisha. Mwanga haukupita. Vumbi lilikuwa limeshikana kama pamba ya mto wa zamani. Akaniambia kaioshe kwa maji na sabuni, uikamue, uikaushe kabisa, usiirudishe mbichi. Tukaweka filta ya akiba, tukawasha, tukangoja dakika kadhaa, kelele zikanyamaza. Akaweka kipima oksijeni pale hewa inapotokea, ikasoma 93. Hewa ya konsentreta yatakiwa iwe baina ya asilimia 90 na 96, kwa hivyo ilikuwa sawa, na mtoto akarudishwa. Hakuna skrubu hata moja iliyofunguliwa.

Tangu siku hiyo mpangilio wangu ni huu na sijawahi kuuacha:

Kwanza mgonjwa. Yuko kwa mashine? Ana mbadala? Kama hana, tafuta mbadala kabla hujagusa kitu.

Pili mtumiaji. Muulize imefanya nini, lini, ilikuwa ikifanya kazi gani, kuna mtu aliyeiangusha au kumwagia maji. Usimuulize kama anayemlaumu, manake atakuficha.

Tatu umeme wa nje: soketi, plagi, fyuzi, kebo. Kahawia ni laivu, bluu nyutro, kijani na njano ni athi, waya wa usalama unaokwenda ardhini. Nimekuta mashine nyingi "zimekufa" na kumbe ni fyuzi ya ndani ya plagi, na nyingine fyuzi ya 13 imewekwa kwa mashine ndogo inayotaka ya 3, hiyo ni hatari manake kebo itaungua kabla fyuzi haijakatika.

Nne vitu vinavyochakaa: filta, betri, mipira, kafu ya presha, probe (kile kichwa cha kupimia kinachowekwa kwa mgonjwa), elektrodi.

Tano setingi. Alamu imewekwa wapi, yuniti gani, mtoto au mtu mzima.

Sita ndio ufungue kifuniko, na hapo uwe umeruhusiwa, umechomoa plagi, umesafisha mashine kwa dawa ya kuua viini, na manyuali iko mbele yako.

Ukishamaliza kutengeneza hujamaliza. Pima. Athi iwe nzima, kutoka pini ya athi ya plagi mpaka chuma cha nje. Multimita yako ya kawaida itakuonyesha kama athi imekatika lakini haitoshi kusema mashine ni salama, hilo ni la kifaa maalum cha kupimia usalama wa umeme, omba uonyeshwe kinavyotumika kama hospitali inacho.

7. Andika logibuku siku hiyo hiyo. Usijaze Ijumaa jioni kwa kukumbuka. Kila kazi iwe na aina ya mashine, modeli, siriali namba ya kiwandani, malalamiko kwa maneno ya mtumiaji, ulichopima, ulichokuta, ulichofanya, ulivyohakikisha. Mfano mzuri ni huu: "Mashine ya kufyonza, wodi ya uzazi, 'haivuti'. Mota yake yazunguka. Kipimo cha mvuto hakipandi. Nimekuta mfuniko wa chupa una ufa. Nimebadilisha, mvuto umepanda, nimemuonyesha sista, amesaini." Mfano mbaya ni "tulitengeneza suction." Supavaiza wa chuo akisoma hiyo atakuuliza maswali mpaka ujute.

Jina la mgonjwa usiliandike kamwe, na usipige picha wodini mgonjwa akionekana. Picha ya bodi ya mashine iliyo mezani karakana piga, baada ya kuomba.

8. Omba upewe ratiba ya ukaguzi wa kinga. Kutengeneza kilichoharibika ndiko watu wanakupenda, lakini kukagua kabla hakijaharibika ndiko utakakojifunza zaidi, na huku pwani kuna adui wawili ambao vitabu vya chuo haviwataji sana.

Mmoja ni hewa yetu, unyevu na chumvi. Fungua monita iliyokaa mwaka mzima karibu na dirisha linaloangalia bahari, utaona viunganishi vimefanya ukungu wa kijani, skrubu zimeshika kutu. Brashi laini, kontakti klina, kausha, na mshauri msimamizi wa wodi aiondoe hapo dirishani. Hiyo imesaidia mashine nyingi kuliko spea.

Wa pili ni maji. Maji ya kisima hapa yana chumvi, na bomba likikatika kila mtu arudi kisimani. Otokleve, mashine ya kuua viini vya vifaa kwa mvuke, ikijazwa maji hayo elementi yake ya kuchemshia yajipaka ukoko. Nilitoa moja ikiwa na ukoko mweupe mnene kama sarafu ya shilingi ishirini, nikaugonga ukabanduka vipande, na chini yake chuma kimeshatoboka. Elementi mpya ilichukua wiki kufika na muda huo vifaa vya upasuaji vilikuwa vinapelekwa hospitali jirani kuchemshwa. Maji yaliyodistiliwa, hakuna lingine. Na ukiijaribu otokleve hakikisha inafika nyuzi 121 na kukaa hapo dakika 15 kamili, usihesabu muda wa kupanda.

9. Mradi wa ripoti uchague wiki ya tatu. Usingoje mwisho. Chukua tatizo moja uliloliona likijirudia, hesabu limetokea mara ngapi kwenye jobu kadi (karatasi za kazi za karakana), tafuta sababu, pendekeza kitu ambacho hospitali inaweza kumudu. Ripoti ya filta kumi na mbili zilizosahaulika ni bora kuliko ripoti ya MRI, ile mashine kubwa ya picha za ndani ya mwili, uliyoiona kupitia kioo.

Usiguse peke yako

Difibrileta, mashine ya kushtua moyo kwa umeme: kapasita yake hubaki na chaji ya kuua hata ikiwa imechomolewa. Eksirei: usiingie chumba bila ruhusa, na usifungue jenereta ya mashine hiyo. Dayathemi ya tieta, mashine ya kukatia kwa umeme wakati wa upasuaji, vivyo hivyo. Otokleve yenye presha: mlango usiulazimishe mpaka geji isome sifuri, nimeona mkono wa mtu ulioungua kwa mvuke na sitaki kuuona tena. Mitungi ya oksijeni: mafuta au grisi kwenye valvu ni moto.

Ukichomwa na sindano, na hutokea, zimejificha ndani ya mashuka na chini ya troli: osha kwa maji na sabuni pale pale, usikamue, mwambie msimamizi dakika hiyo hiyo, na uende upewe dawa za kinga ya VVU. Zinaanzwa ndani ya saa 72 na kila saa ikipita ni hasara. Usione haya kusema.

Mambo yakikwama

*Kipima oksijeni cha kidoleni hakisomi au chasoma chini na mgonjwa yuko sawa.* Angalia kidole kabla ya mashine. Hapa kwetu bibi harusi na mama waliojifungua huja na piko, na ile nyeusi huzuia mwanga wa probe, rangi ya kucha pia. Tumia kidole kisichopakwa, au probe ya sikio. Kama mkono ni baridi upashe joto kwanza. Ikikataa bado, jaribu kidole chako mwenyewe, hapo ndio ujue kama ni probe.

*ECG, mashine ya kuchora umeme wa moyo, ina mawimbi manene yasiyoisha.* Mara nyingi ni umeme wa 50 hezi umeingia. Elektrodi zimekauka, ngozi ina mafuta, kuna chaja ya simu kitandani, au athi ya soketi imekatika. Fuata kwa mpangilio huo.

*Otokleve haishiki presha.* Kagua gasketi ya mlango, isuguliwe safi, ikiwa imekakamaa ibadilishwe.

*Nimepeleka barua kumi, kimya.* Rudi mwenyewe baada ya wiki mbili, umtafute mkuu wa karakana na si ofisi ya mapokezi peke yake. Nenda pia kwa ofisi ya atachimenti ya chuo, wana orodha ya mahali walikopeleka wanafunzi miaka iliyopita. Panua mpaka Kilifi na Kwale.

*Nimepokewa lakini natumwa chai na faili tu.* Wiki ya kwanza vumilia. Wiki ya pili omba kwa heshima, "mzee, naomba leo nikufuate wodini, nitabeba kisanduku." Ukishakuwa mtu wa kubeba kisanduku utakuwa mtu wa kushika tochi, na mwenye tochi huona kila kitu. Ikifika wiki ya nne hakuna mabadiliko, mpigie supavaiza wa chuo, hiyo ndiyo kazi yake.

*Nimeharibu mashine.* Sema sasa hivi. Iwekee karatasi "USITUMIE", itoe wodini, mwambie msimamizi. Nilichoma bodi moja nikiwa mwanafunzi, niligeuza nyaya za betri, nikasema siku hiyo hiyo, nikaonywa na nikasaidiwa kuitengeneza. Ningenyamaza ingerudi kwa mgonjwa.

*Supavaiza wa chuo hajaja na muda waisha.* Mpigie wewe, mara mbili, na umwandikie ili kuwe na ushahidi. Halafu siku ya mwisho usitoke getini kabla fomu ya tathmini haijasainiwa na kugongwa muhuri na logibuku kila ukurasa, manake ukirudi baada ya mwezi msimamizi wako yuko likizo na muhuri umefungiwa kabatini, na bila fomu hiyo chuo hakikupi alama.